Kumzoesha Beta Mpya Tangi la Nyumbani: Mwongozo Kamili

Samaki aina ya beta huuzwa mmoja mmoja, kila mmoja ndani ya kikombe au kifuko chake, na kwa sababu hiyo wanunuzi wengi huamini kwamba samaki anayeweza kukaa kikombeni dukani hawezi kushindwa na tangi lolote atakalotiwa. Imani hiyo ina chembe ya ukweli. Ndani ya kichwa chake, juu ya mashavu anayopumulia, beta ana kiungo maalumu kinachomwezesha kupanda juu ya maji na kuvuta hewa kama ilivyo, hivyo hustahimili maji yenye oksijeni kidogo kuliko samaki wengi. Hata hivyo, kiungo hicho hakimkingi na amonia, sumu itokanayo na uchafu wake mwenyewe, wala na baridi ya ghafla, wala na mabadiliko ya madini yaliyoyeyuka majini. Porini, Betta splendens huishi katika maji ya kina kifupi ya Thailand na nchi jirani, kwenye vinamasi na mashamba ya mpunga. Maji hayo ni mafupi kwa kina, lakini ni mapana, yana joto na yamejaa mimea. Kikombe cha dukani hakifanani nayo kwa lolote.

Kazi ya kumzoesha samaki huyu hutegemea mambo mawili kuliko mengine yote: tangi liwe tayari kabla hajafika, na njia ya kumhamisha ichaguliwe kwa kuzingatia muda aliokaa mfukoni. Mambo mengine ni ya kukamilisha.

Kuandaa tangi

Tangi la lita 20 ni kiwango kizuri cha kuanzia kwa beta mmoja. Wapo wanaomfuga katika lita 10, na hilo linawezekana kwa mfugaji makini, lakini maji machache hupoa upesi, hupata joto upesi na huchafuka upesi, kwa hiyo anayeanza hujipatia kazi ngumu zaidi kwa kununua tangi dogo zaidi. Liwe na kifuniko, kwa kuwa beta huruka, hasa siku za mwanzo ambapo bado anatafuta njia ya kutokea. Kati ya maji na kifuniko iachwe nafasi ya sentimita 3 hadi 5, ili apate hewa ya kuvuta, na kifuniko huisaidia hewa hiyo isiwe ya baridi kuliko maji.

Joto la maji liwe kati ya nyuzi 25 na 27 za Selsiasi, mchana na usiku. Pale ambapo hewa ya chumba hushuka chini ya hapo, hita yenye kidhibiti joto ni ya lazima. Kwa lita 20, hita ya wati 25 hadi 50 hutosha. Kipimajoto kiwekwe upande wa pili wa tangi, mbali na hita, vinginevyo kitasoma joto la hita badala ya joto la maji. Chujio linalofaa zaidi ni la sponji linaloendeshwa na pampu ya hewa, kwa sababu halitoi mkondo mkali. Mapezi marefu ya beta dume humburuza kwenye mkondo, na samaki anayepambana na maji saa zote huchoka kabla hajazoea.

Mapambo yenye ncha huchana mapezi. Ili kuyapima, pitisha soksi nyepesi ya nailoni juu ya kila jiwe, gogo na mmea wa plastiki: kinachonasa soksi kitanasa pezi, na hakifai kuingia tangini.

Sasa tufike kwenye jambo linaloua samaki wengi wapya, nalo halionekani kwa macho. Samaki hutoa amonia kupitia mashavu yake na kinyesi chake, na mabaki ya chakula huongeza nyingine. Katika tangi lililokomaa, kundi moja la bakteria hugeuza amonia kuwa nitriti, na kundi jingine hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina madhara makubwa mradi isiachwe ikalimbikizana. Amonia huunguza mashavu, nayo nitriti huingia kwenye damu na kuizuia isibebe oksijeni. Bakteria hao hukaa kwenye sponji, changarawe na kuta za tangi, si ndani ya maji yenyewe, na huchukua wiki 4 hadi 6 kuongezeka hadi kutosha. Tangi lililojazwa maji jana, hata likiwa safi na maji yake yaking'aa kama kioo, halijakomaa.

Kulikomaza bila samaki, tia amonia safi isiyo na sabuni wala manukato hadi kipimo kisome takriban miligramu 2 kwa lita, kisha endelea kupima kila baada ya siku mbili tatu na kuongeza amonia inapokwisha. Tangi limekuwa tayari pale ambapo kiwango hicho cha amonia huisha ndani ya saa 24, nitriti nayo husoma sifuri, na nitrati huonekana. Hapo badilisha sehemu kubwa ya maji ili kupunguza nitrati kabla ya kumleta samaki. Njia ya mkato iliyo salama ni kuchukua sponji iliyotumika katika tangi la mtu mwingine lenye samaki wenye afya, ikaletwa ikiwa mbichi na kutiwa moja kwa moja kwenye chujio jipya. Sponji hiyo ikikauka au ikisuuzwa kwa maji ya bomba yenye klorini, bakteria hufa na faida yote hupotea.

Maji ya bomba yatibiwe kila mara. Klorini ya kawaida hutoka yenyewe maji yakiachwa wazi kwa siku nzima yakipulizwa hewa, lakini mamlaka nyingi za maji hutumia kloramini, ambayo haitoki kwa kuachwa. Kwa kuwa mtumiaji hawezi kutofautisha hizo mbili kwa kunusa, ni busara kutumia dawa ya kuondoa klorini inayotaja kloramini kwenye maelezo yake.

Dukani na njiani

Chagua samaki anayeitikia kidole kinapopita mbele ya kikombe, mapezi yake yakiwa yamekunjuliwa, tumbo lisiwe limebonyea wala kuvimba. Angalia mwili kwa pembeni chini ya mwanga: vidoto vyeupe kama punje za chumvi ni dalili ya ugonjwa wa madoa meupe, na vumbi la rangi ya dhahabu au kutu juu ya ngozi ni dalili ya ugonjwa wa vumbi, ambao huonekana vizuri zaidi kwa tochi. Usinunue samaki wa namna hiyo kwa huruma. Muulize muuzaji pia pH ya maji yake, yaani kipimo cha uasidi wake. Asipojua, utapima mwenyewe nyumbani.

Mfuko wa safari uwe na maji kiasi cha theluthi moja na hewa theluthi mbili, kwani beta huhitaji kufika juu na kuvuta hewa. Weka mfuko ndani ya boksi au mfuko mwingine mzito usiopitisha mwanga. Giza humtuliza na kuta nene huhifadhi joto. Usimlishe kabla ya safari wala njiani, maana chakula hugeuka amonia katika maji hayo machache.

Swali la kuamua njia: amekaa mfukoni muda gani?

Miongozo mingi humwambia kila mtu afungue mfuko, aongeze maji kidogo kidogo kwa saa nzima au zaidi, kisha amwachie samaki. Kwa samaki aliyetoka duka la karibu, ushauri huo ni sawa. Kwa samaki aliyesafirishwa siku nzima au zaidi, ushauri huohuo unaweza kumdhuru, na sababu yake inafaa kueleweka badala ya kukaririwa tu.

Ndani ya mfuko uliofungwa, samaki hupumua na kutoa kabonidioksidi, ambayo huyeyuka majini na kushusha pH. Wakati huohuo amonia huongezeka. Amonia huwa katika hali mbili: hali yenye sumu, na hali ya amoniamu ambayo sumu yake ni ndogo mno. Kinachoamua ipo katika hali gani ni pH na joto. Katika nyuzi 25, maji yenye pH 7 huwa na takriban asilimia 0.6 tu ya amonia yote katika hali ya sumu, lakini pH ikiwa 8, kiwango hicho hufika asilimia 5 au zaidi. Hivyo pH iliyoshuka mfukoni ndiyo inayomhifadhi samaki. Mfuko ukifunguliwa, kabonidioksidi hutoka, pH hupanda ndani ya dakika chache, na amonia iliyokuwa imetulia hugeuka sumu samaki akiwa bado humo. Kumwacha katika maji hayo kwa saa nzima huku ukidondosha matone ni kumtesa kwa nia njema.

Kwa hiyo kanuni ni hii: safari ya saa moja au mbili, tumia njia ya vikombe au ya matone, safari ya siku nzima au zaidi, sawazisha joto pekee na umhamishe mara moja. Kwa safari za kati, pima amonia ya maji ya mfuko punde baada ya kuufungua: ikisoma sifuri au karibu na sifuri, una muda, ikiwa juu, mhamishe.

Njia ya vikombe

Zima taa ya tangi na upunguze mwanga wa chumba. Acha mfuko uliofungwa uelee juu ya maji ya tangi kwa dakika 15 hadi 20 ili joto lisawazike. Kama samaki amekuja katika kikombe, kikombe kikielea hupinduka kwa urahisi. Kibane kwenye ukingo wa tangi kwa kibanio cha nguo, sehemu yake ya chini ikiwa imezama majini na mdomo wake ukiwa juu ya maji.

Fungua mfuko, kunja ukingo wake kwa nje mara mbili tatu ili utengeneze duara la hewa litakalouwezesha kuelea ukiwa wazi. Ongeza maji ya tangi kiasi cha robo ya maji yaliyomo mfukoni. Subiri dakika 5 hadi 10, ongeza tena kiasi kilekile, na uendelee hivyo mpaka maji ya mfuko yawe mara mbili au tatu ya yale ya mwanzo. Kazi yote huchukua kati ya dakika 30 na 45. Kila unapoongeza, mtazame samaki kabla ya kuendelea: vifuniko vya mashavu vikifunguka na kufunga kwa mwendo uleule wa awali, endelea, vikianza kupiga haraka haraka, au samaki akijirusha na kugonga kuta za mfuko, ongeza muda wa kusubiri.

Njia ya matone

Njia hii huhitajika pale ambapo pH ya dukani na ya nyumbani zinatofautiana sana, au maji ya upande mmoja ni magumu (yenye madini mengi) na ya upande mwingine ni laini (yenye madini machache). Joto husawazika kwa dakika chache, lakini mwili wa samaki huhitaji muda mrefu zaidi kurekebisha uwiano wa maji na chumvi ndani yake, na kutoka maji magumu kwenda laini kunahitaji uangalifu zaidi kuliko kinyume chake. Madhara ya kuharakisha hapa yanaweza kuchelewa kuonekana, ndiyo maana baadhi ya samaki huonekana wazima usiku wa kwanza na kudhoofika siku zinazofuata.

Baada ya kusawazisha joto, mhamishie samaki pamoja na maji yake kwenye chombo safi kisichowahi kutumika na sabuni, kikiwa chini ya usawa wa tangi. Tumia mrija mwembamba wa pampu ya hewa, upige fundo katikati, uanzishe mtiririko, kisha kaza fundo mpaka upate matone 2 hadi 4 kwa sekunde. Maji yakifika mara mbili ya mwanzo, mwaga nusu na uendelee mpaka yafike mara mbili tena. Zipo njia za kufanya jambo hili kwa saa 3 au 4, lakini kwa beta ni kupita kiasi: chombo kidogo hupoa, na baridi hiyo humrudisha kwenye tatizo lilelile ulilokuwa unalikwepa. Funika chombo kwa kitambaa, kwa sababu ndani ya chombo kidogo huruka zaidi.

Baada ya safari ndefu

Mfuko uelee ukiwa umefungwa kwa dakika 20, taa zikiwa zimezimwa. Fungua, mtoe samaki mara moja na umtie tangini, pasipo kuongeza maji wala kusubiri. Njia hii huonekana ya pupa, lakini hapa tangi lililokomaa, lenye amonia sifuri na joto sahihi, ndilo mahali salama zaidi anapoweza kuwa.

Kumtoa mfukoni

Maji ya mfuko yasiingie tangini, kwa kuwa hubeba amonia na huenda yakabeba vimelea. Kimia cha kawaida hunasa mapezi marefu na kuyapasua. Ni bora kumchota kwa kikombe kidogo laini, kumwaga maji mengi yaliyomo kwa uangalifu mpaka yabaki ya kumfunika tu, kisha kukizamisha kikombe tangini na kukilaza, naye atoke mwenyewe. Matone machache yatakayoingia naye si neno. Anaweza kukaa kikombeni dakika moja au mbili kabla ya kutoka. Usimtikise.

Saa 24 za kwanza na siku zinazofuata

Taa ibaki imezimwa mpaka kesho yake, na asipewe chakula siku hiyo. Samaki mwenye msongo hameng'enyi chakula vizuri tumboni, na chakula kisicholiwa huoza. Siku ya pili mpe punje 2 au 3 za chakula cha beta, na uondoe kisicholiwa baada ya dakika chache. Akikataa kula kwa siku mbili tatu, usiongeze chakula kwa wasiwasi. Beta mzima huvumilia siku kadhaa bila kula, ila maji yaliyochafuka hayavumiliki.

Katika siku hizo utaona mambo mengi yanayotisha bila sababu. Beta hulala juu ya majani au hujilaza sakafuni, na hilo ni kawaida mradi anapanda kuvuta hewa. Rangi kupauka kwa siku ya kwanza, na mistari myeusi ya mlalo ubavuni, hasa kwa majike na wadogo, ni ishara za hofu ambazo hupungua akitulia. Akikimbia huku na huko akifuata kioo, mara nyingi anaona sura yake mwenyewe, hasa taa ya tangi ikiwaka ndani ya chumba chenye giza. Bandika karatasi nyuma na pembeni mwa tangi, au washa taa ya chumba. Dume akitengeneza kiota cha mapovu juu ya maji, wengi hushangilia kuwa amezoea. Kiota kinaonyesha tu kwamba dume amefikia umri wa kuzaliana, na anaweza kukijenga hata katika maji machafu, kwa hiyo kisichukue nafasi ya kipimo.

Dalili za kuchukulia hatua ni hizi: mapezi yaliyobanwa mwilini kwa zaidi ya siku mbili, mashavu yanayopiga haraka au yaliyo mekundu, kujisugua kwenye mawe, ncha za mapezi kuliwa na kuwa nyeusi au nyeupe, na kupanda juu kuvuta hewa mara kwa mara kuliko kawaida. Kabla ya dawa yoyote, pima maji. Amonia au nitriti ikisoma zaidi ya sifuri, badilisha asilimia 30 hadi 50 ya maji kwa maji yaliyotibiwa yenye joto lilelile, na mara nyingi dalili hizo hupungua bila dawa.

Jani kavu la mkungu, ule mti unaozaa kungu, likioshwa na kutiwa tangini hutoa rangi ya kahawia kama chai na kushusha pH kidogo, hali iliyo karibu na maji ya asili ya samaki huyu. Jani moja kwa lita 20 hutosha. Linasaidia, halitibu amonia.

Iwapo samaki amefika na tangi halijakomaa

Hali hii ni ya kawaida, hasa kwa samaki wa zawadi. Mtie katika maji yaliyotibiwa, yenye joto sahihi, kisha upime amonia na nitriti kila siku kwa muda wa wiki 4 hadi 6. Kila mara jumla ya hizo mbili inapofika miligramu 0.5 kwa lita, badilisha nusu ya maji. Mlishe kidogo, mara moja kwa siku, na umwache bila chakula siku moja kwa wiki. Sponji isioshwe katika kipindi hiki isipokuwa imeziba, na ikibidi, iminywe ndani ya maji yaliyotolewa tangini.

Wenzake tangini

Madume wawili hawakai pamoja, wala dume na jike nje ya muda wa kuzalisha. Kama anaingia katika tangi lenye samaki wengine, akae kwanza peke yake katika karantini kwa wiki 2 hadi 4, akiwa na hita na sponji yake, na vyombo vya karantini visitumike kwenye tangi kubwa. Epuka samaki wanaouma mapezi, na pia wale wenye mikia mipana ya rangi kama gapi, ambao beta huwadhania kuwa madume wenzake. Siku ya kumwingiza, hamisha mawe na mimea michache ili wenyeji nao wapoteze mipaka yao, zima taa, na uwe karibu kwa saa ya kwanza. Kutunisha mashavu mara moja moja si vita. Akimfuata samaki mmoja bila kumwachia nafasi, au akianza kurudi na mapezi yaliyoraruka, mtoe siku hiyohiyo na umrejeshe kwenye tangi lake la karantini, ambalo halipaswi kuwa limekwisha kuvunjwa.